Moshi wa Mninga

Siku ya kumi na tisa tangu wenye bunduki wawafukuze kwao, mke wa seremala alivunja dawati la shule kwa jiwe, akalitia motoni na kumchemshia mama mkwe wake maji ya kunywa.

Hakufanya hivyo kwa pupa. Kwanza alizunguka madarasa yote sita akitafuta hata kijiti kimoja kikavu. Hakukuwa na kitu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumua, na kila kinachoweza kuwaka kilikuwa kimelowa chepechepe, hadi maboksi waliyolalia. Mke wa jirani yao, wa upande wa pili wa shuka, alikuwa na mkaa, lakini alikuwa pia na watoto watano, na mkaa wenyewe ulikuwa wa kujaza kiganja tu. Kumwomba ingekuwa kumwonea. Na mle ndani, katika Darasa la Tatu, kwenye kona waliyoizungushia shuka ili nao wawe na chumba, Bibi alikuwa anaharisha tangu alfajiri. Muuguzi aliyepita asubuhi aliacha pakiti mbili za dawa ya unga, akasema kama alivyosema kila kona: "Maji yachemke kwanza. Yasipochemka, bora asinywe."

Madawati yalikuwa yamerundikwa kwenye kibaraza cha nyuma. Yalitolewa siku walipowasili, ili watu wapate pa kulala. Mwanzoni rundo lilifika madirishani. Sasa lilikuwa limeshuka hadi kiunoni. Kila mtu aliliona linavyopungua. Hakuna aliyemwona anayelipunguza.

Alichagua lililokuwa limevunjika mguu mmoja, akijiambia kwamba hilo limeshakufa. Akalipiga jiwe. Ubao wa kukalia ulipopasuka ukaonyesha utumbo wake wa rangi ya kahawia iliyoiva, naye akashusha jiwe.

"Mninga," alisema peke yake. "Ee Mungu wangu, mninga."

Kwao watu walimwita Mama Msasa. Miaka kumi na minane alikuwa amepiga msasa na kupaka vanishi vitanda, makabati na milango iliyotoka mikononi mwa mumewe; ungeweza kumfumba macho akakutajia mti kwa kugusa tu. Aliomba moyoni angalau lingekuwa la paini, mbao ya bei ya chee isiyomuumiza mtu roho. Lakini Bibi alikuwa anaguna kule ndani. Akapiga jiwe mara ya pili, na ya tatu.

Maji yakachemka. Akayapooza kwa kuyahamisha kutoka kikombe hiki hadi kile, akakoroga dawa, akampelekea.

"Kuni umezipata wapi?" Bibi aliuliza.

"Nimepata, mama."

"Nimekuuliza wapi, sijakuuliza kama."

"Kunywa kwanza."

Bibi alimtazama kwa lile jicho lililokuwa limewalea watoto saba na kuzika wawili. Kisha akanywa kikombe chote, akaomba cha pili, na suala la kuni hakulirudia.

Seremala alirudi saa saba mchana kutoka kwenye foleni ya unga, binti yao, Kadogo, akimfuata nyuma. Mkononi mwa seremala, juu kidogo ya saa iliyosimama, alikuwa ameandikwa namba 418 kwa kalamu ya wino mzito. Huko kwenye foleni hakuna aliyemwita fundi. Waliita namba, na namba zikaitika.

Alifika mlangoni akasimama ghafla kama aliyegonga ukuta. Akavuta pumzi. Uso wake ukabadilika, ukawa rangi ya majivu. Mkewe aliuona ukibadilika na hakuelewa. Alidhani ni hasira tu.

"Nani kachoma mninga hapa?"

Darasa zima, familia nne na watoto wao, likageuka kumtazama.

"Nauliza nani kachoma mninga! Mti unakua miaka sitini, mtu anautia chini ya sufuria! Ndiyo maana wenyeji wanatuita takataka."

Upande wa pili wa shuka alikaa muuza nyama mmoja, pande la mtu, ambaye wote walimwita Bucha. Alikuwa ameinama kibarazani akipuliza moto chini ya sufuria ya uji. Seremala akamwendea moja kwa moja.

"Ni wewe."

"Mimi nini?" Bucha alijifuta machozi ya moshi.

"Juzi si ulikuwa unauliza haya madawati ni ya nani? Ulikuwa unapima."

"Fundi, mimi nachemsha uji kwa mkaa wa mke wangu. Angalia mwenyewe. Mninga siujui hata kwa sura."

"Mimi nimekula kwa mbao miaka thelathini. Pua yangu huidanganyi."

"Basi pua yako imepotea njia," Bucha alisema polepole, akasimama. Watoto wake watano walikuwa wamejipanga mlangoni wakimtazama baba yao akiitwa mwizi. "Nenda, fundi. Nenda kabla hatujasema mengi."

Nyuma ya shuka, Mama Msasa alikuwa ameshika kikombe kitupu. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini aliwaza jinsi mumewe alivyokuwa akiamka kila siku kati ya watu waliokata tamaa, akapiga pasi shati lake kwa viganja, akasema, "Sisi ni watu wa kutengeneza, si wa kuharibu." Nyumba aliiacha, karakana haikuwepo tena, alikuwa amebakiwa na sentensi hiyo. Hakuweza kuwa yeye wa kumnyang'anya. Akalimeza neno, akakiweka kikombe chini.

Bibi aliyaona yote hayo akiwa amelala, akageukia ukutani.

*

Alhamisi mwalimu mkuu aliwaita wote uwanjani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, sauti iliyochakaa kwa kufundisha madarasa ya watoto themanini. Pembeni yake alisimama mwenyekiti wa kamati ya shule, bwana mnene mwenye karakana ya samani mjini, kapiga suti chini ya mwavuli.

"Shule inafunguliwa Jumatatu," mwalimu mkuu alisema. "Hadi Jumapili jioni muwe mmehamia kwenye ghala la pamba. Paa lipo, maji yapo bombani. Siwafukuzi. Lakini nina watoto mia tano, na watoto hawakai hewani. Niliwaachia madawati tisini na sita. Asubuhi hii nimehesabu mazima kumi na tisa."

Watu wakatazama viatu vyao, wenye viatu.

Mwenyekiti akasogea mbele. "Nitasema wazi, maana mwalimu ana huruma kupita kiasi. Hatuwezi kuwahamishia waharibifu mahali pengine wakaharibu tena. Nataka majina. Familia iliyochoma, inafutwa kwenye orodha. Hakuna ghala, hakuna unga. Itajua pa kwenda."

Mahali pa kwenda palikuwa barabara ile ile waliyokuja nayo, na mwisho wake wenye bunduki walikuwa wameweka kizuizi darajani.

"Hakuna aliyeona?" mwenyekiti aliuliza. "Madawati yamejichoma?"

Sauti moja ikatoka nyuma: "Muulizeni seremala. Yeye alimkamata mtu."

"Seremala ni nani?"

Mumewe akajitokeza. Mama Msasa aliona mabega yake yakinyooka, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu waondoke kwao mwenyeji kumwita kwa kazi yake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yote. Mumewe alisema kwa adabu, bila chumvi, jinsi alivyorudi kutoka foleni, jinsi alivyosikia harufu, na nani aliyemkuta na moto. Kisha akanyoosha mkono.

Mke wa Bucha alitoa sauti ndogo kama mtu aliyechomwa na sindano. Bucha mwenyewe alimkumbatia mtoto wake wa mwisho, akaanza kuwatazama wengine mmoja mmoja, kama anayewahesabu kwa safari.

"Jina?" mwenyekiti alimuuliza Bucha, kalamu tayari.

"Si yeye," alisema Mama Msasa.

Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. Akapita kati ya watu mpaka mbele, kanga yake ikiwa na doa la unga, mikono haijui pa kukaa.

"Dawati la mninga nililichoma mimi. Jumanne, saa nne asubuhi. Mama mkwe wangu alikuwa anaharisha, maji yalitakiwa yachemke, sikuwa na kuni. Huyu ndugu hakuligusa. Nilisikia anasingiziwa nikanyamaza, na hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko dawati. Andika sisi."

Hakumtazama mumewe. Aliogopa. Lakini alimsikia, pumzi yake ikitoka yote kwa mkupuo kama mtu aliyetuliwa mzigo vibaya.

"Umesikia mwenyewe, mwalimu," mwenyekiti alisema, akaanza kuandika. "Familia ya seremala. Loh, seremala!"

"Ngoja kijana," ikasema sauti kutoka mlango wa Darasa la Tatu. Bibi alikuwa ameshikilia fremu kwa mikono miwili, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa kama anayekwenda kupeleka posa. "Maji yenyewe niliyanywa mimi. Vikombe vitatu. Kama unafuta, anza na mimi, na uandike kwamba yalikuwa matamu."

Mtu akacheka, akajizuia. Ndipo mwanamke wa Darasa la Tano akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mimi mawili," alisema.

"Mimi moja na nusu," akasema mwingine. "Nusu niliikuta imeshachomwa."

Mikono ikaanza kupanda, mmoja hapa, mmoja kule, wanaume kwa wanawake. Kalamu ya mwenyekiti ikaanza kuchoka. Mwishoni Bucha naye akamshusha mtoto wake, akakohoa, akanyoosha mkono wake mkubwa.

"Na mimi moja," alisema. "Lakini langu lilikuwa la paini."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka watu waliokuwa hawajacheka wiki tatu, wakashikana mabega, wakajifuta macho. Hata mwalimu mkuu akageuka pembeni akajifanya anatafuta leso. Alipogeuka tena alikuwa ameshachukua karatasi mkononi mwa mwenyekiti na kuikunja.

"Tukiwafuta wote hawa, hilo ghala tutamlaza nani?" alimuuliza. Kisha akawageukia watu. "Majina siyataki tena. Nataka watoto wakae."

Seremala hakuwa amecheka. Alikuwa bado amesimama pale pale aliponyooshea mkono.

"Mwalimu," alisema, "yaliyovunjika nusu ni mangapi?"

"Arobaini na kitu. Vipande vipande."

"Nipe vifaa. Hadi Jumapili nitasimamisha nitakayoweza. Sihitaji malipo. Nahitaji tu msumeno unaokata."

Alisema hayo akimtazama mwalimu, akamtazama mwenyekiti, akatazama hata mawingu. Kwa mkewe macho yake hayakufika.

*

Vifaa vya mwenyekiti vililetwa kwenye gunia asubuhi ya Ijumaa: msumeno wenye meno kama ya mzee, randa, nyundo mbili, patasi nne, msasa uliochakaa na kopo la misumari iliyopinda. Aliyevileta alisema bosi wake amesema kila kimoja kimehesabiwa. Seremala alipitisha kidole gumba kwenye makali ya randa.

"Hii haikwangui hata sabuni," alisema. "Kafungua kabati, kachagua vya kutupa."

Kabla ya kugusa ubao wowote alikwenda kibarazani alipokaa Bucha. Alingoja hadi watu wa darasa lile wote wawepo, wanawake kwenye ndoo zao, wanaume waliokaa tu. Halafu akavua kofia.

"Ndugu yangu, nilikutaja mbele za watu, watoto wako wakisikia. Kwa hiyo nasema mbele za watu, watoto wako wasikie: nilikosea. Baba yenu si mwizi. Nisamehe."

Bucha alimtazama kwa muda. Aliweza kumfanya angoje zaidi, na kila mtu aliona kwamba aliweza.

"Pua yako haikukosea, fundi," alisema mwishowe. "Ilikosea mlango tu. Lete hizo patasi."

"Za nini?"

"Wewe unafikiri muuza nyama anakata nini maisha yake yote, mboga? Makali ndiyo kazi yangu. Lete."

Akaketi kwenye ngazi ya saruji, akaimwagia maji, akaanza kunoa. Ilipofika saa nne patasi ya kwanza ilinyoa nywele za mkono wake bila sauti, akaizungusha juani watoto wake waione. Baada ya hapo akapewa msumeno. Alikata kwa nguvu za watu watatu na alihitaji kuzuiwa zaidi kuliko kuhimizwa. "Ni kama paja la ng'ombe tu," alimwambia seremala, "ila halina mafuta." Wanaume waliokuwa wamekaa tu wakaanza kusogea. Mmoja akanyoosha misumari kwa jiwe. Mwingine akabeba. Kibaraza kikajaa maranda, watoto wakayavaa vichwani.

Mama Msasa alipiga msasa. Hakuna aliyemtuma, alichukua kipande akaanza. Na mumewe, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake, alimwambia Kadogo:

"Mwambie mama yako upande wa kulia bado unakwaruza."

"Mama, baba anasema upande wa kulia bado unakwaruza."

"Nimesikia. Mwambie baba yako huo ndio ninaokwenda sasa."

"Baba, mama anasema..."

Ilikuwa hivyo Ijumaa nzima, hadi chakula. Jumamosi asubuhi Bibi, aliyekuwa amepata nguvu ya kukaa kwenye kiti, alipiga fimbo chini.

"Ninyi wawili! Mmemfanya mjukuu wangu simu. Kadogo, njoo hapa, kaa. Leo mtandao umekatika."

Wakabaki wanafanya kazi bila neno, jambo lililokuwa baya zaidi.

Mchana ule aliwasili mtu kutoka kwao, kijana aliyekuwa akiwauzia gundi, kapita porini siku sita. Alikunywa maji, akawaeleza yale ambayo tayari waliyajua na yale ambayo wangependa wasiyajue. Wenye bunduki walikuwa bado pale. Walikuwa wamekaa nyumba ya mwalimu, nyumba ya mganga, na nyumba ya seremala mwenyewe. Akiba yake ya mbao iliyosalia karakana ilipoungua, zile mbao za mninga alizokuwa anazikausha kwa miaka minne, ilikuwa kwenye kizuizi cha darajani. Walikuwa wakizichoma kuota moto.

Seremala alimshukuru yule kijana kwa kufika salama. Kisha akarudi kwenye kazi, akashika patasi, akakaa nayo tu.

Mkewe akamsogelea, akaketi kwenye ubao kando yake.

"Sema nami," alisema. "Hata matusi."

Seremala aliiweka patasi magotini. "Unajua siku ile nilipofika mlangoni nilifikiri nini?"

"Kwamba majirani ni washenzi."

"Nilifikiri wamefika." Alisema hivyo akiitazama patasi. "Tulipoondoka kwetu, karakana inawaka, nilitembea na ule moshi puani hadi mtoni. Mninga wangu. Ninaujua kama jasho langu. Nikaja kuusikia hapa, mlangoni, ninyi mpo ndani. Nilipoona ni sufuria tu nilipata aibu, na aibu nikamtwika mtu."

Mama Msasa akaweka mkono mdomoni. "Sikuwaza."

"Ungewazaje? Hukuchoma vibaya. Mama yangu yuko hai anatusumbua." Akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Lakini uliniacha nimpigie mtu kelele bure. Kwa nini hukuniambia? Uliniogopa?"

"Sikukuogopa wewe. Niliogopa kukuona unakaa chini." Alitafuta maneno. "Kila asubuhi unasimama na lile shati lako, na mimi nikikuona nasimama. Niliona nikikwambia, utakaa, na mimi nitakaa, na hatutainuka tena."

Seremala alifikiri juu ya hilo. Kibarazani kila mtu alijitia kufanya kazi yake na hakuna msumeno uliosikika.

"Pale uwanjani," alisema, "ulipopita mbele na lile doa la unga, nilitaka ardhi inimeze. Halafu nikasikia ulivyosema. Nikajiambia, kumbe miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nasimama kwa sababu ya huyu." Akakohoa. Hakuwa mtu wa maneno hayo, na sasa alitaka yaishe. "Basi. Kiganja changu kimevimba na bado kuna madawati kumi na nane. Shika hii."

Alimpa patasi.

"Mimi? Hujawahi kuniruhusu."

"Nilikuwa mjinga mwenye mbao nyingi. Sasa sina mbao. Ule ubao una tundu nusu; limalize, ulimi wa mguu uingie. Usilikimbize. Nyundo ipige kama unabisha hodi kwa mkweo."

"Nimesikia hayo!" alisema Bibi.

Tundu la kwanza lilikuwa kubwa mno, ulimi ukacheza ndani kama jino bovu. Akatia kipande chembamba cha mbao, na hakuna aliyemwambia kitu. La pili lilikwenda kombo. La tatu alilichonga akiwa amesahau kwamba anatazamwa, maranda madogo yakiruka, ulimi wa ubao ukaingia kwa kubana, akaugonga mara tatu, na mara ya tatu sauti ilikuwa tofauti. Ilikuwa nzito, imeshiba. Alikuwa ameisikia sauti hiyo kwa miaka kumi na minane kutoka upande wa pili wa karakana. Akainua macho. Mumewe alikuwa tayari anamtazama.

*

Jumapili alasiri mwalimu mkuu alipita kati ya madarasa na daftari. Madawati hamsini na matano yalikuwa yamesimama. Mengine yalikuwa na mguu wa mninga na mguu wa paini, ubao mmoja mwekundu na mwingine mweupe, lakini yalikaa sawa sakafuni. Mengine hayakuwezekana, na seremala alimwonyesha vipande vilivyobaki, amevipanga kwa urefu.

Mwenyekiti alikuja kuchukua gunia lake. Alihesabu vifaa. Kisha akatoa patasi moja, akaigusa makali, akajikata kidogo, akaitazama damu kwenye kidole chake kwa mshangao. Bucha alimpa kitambaa bila kutabasamu, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya wiki ile.

Mwalimu mkuu hakutoa hotuba. Alifunga daftari, akawashika mkono seremala na mkewe. Kisha akamwinamia Kadogo, aliyekuwa amebeba sufuria kichwani tayari kwa safari.

"Wewe uko darasa la ngapi?"

"La nne, mwalimu."

"Kesho saa moja na nusu. Nataka ukae mbele. Na watoto wote wa kule ghalani waje, waambie wenzako. Atakayechelewa atanieleza."

Wakaondoka kwa mstari, vifurushi vichwani, Bibi akiwa amekaa kwenye mkokoteni uliosukumwa na Bucha, amenyoosha mgongo, akiwapungia mkono wenyeji waliotoka madukani kutazama. Wachache walimpungia pia. Hakuonyesha kushangaa.

Ghala lilikuwa pana na baridi, na upepo uliingia popote ulipotaka. Walipewa nafasi ya hatua nne kwa tano. Seremala alizipima kwa miguu mara mbili, akasema inatosha kwa meza.

*

Jumatano mwenyekiti alikuja bila mwavuli. Alisimama kwenye mlango wa ghala akiuliza watu hadi akaelekezwa. Alimkuta seremala akifunga shuka yao kwenye nguzo, na mkewe akichambua maharage.

"Fundi," alisema, na neno hilo lilimtoka kwa shida kidogo, "nimepata oda ya vitanda ishirini vya zahanati. Vijana wangu hawawezi mwezi huu. Namtaka mtu."

"Tupo wawili," alisema seremala.

"Mimi namhitaji mmoja. Karakana yenyewe ndogo."

Seremala alikaza fundo, akalivuta kuhakikisha, akafikiri.

"Basi mchukue yeye."

"Nani?"

"Mke wangu. Ana mkono usio na haraka. Mimi nitabaki na mama yangu."

Mwenyekiti alimtazama kama mtu anayetaniwa, akamtazama Mama Msasa, akangoja mmoja wao acheke. Hakuna aliyecheka.

"Na mimi nani kasema nataka mlinzi?" Bibi alisema kutoka kwenye mkeka. "Hili ghala lina milango miwili na vikongwe sita. Nendeni mkafanye kazi, mniache nipige soga."

Mama Msasa aliweka ungo wa maharage chini, akajipangusa viganja.

"Tunaanza saa ngapi?" alimuuliza mwenyekiti.

"Mna... mnaanza?"

"Si umeshaambiwa tupo wawili?"

Mwenyekiti alitoa pumzi puani kama ng'ombe aliyefika mtoni. Aliangalia darini, aliangalia viatu vyake. "Saa mbili," alisema. "Malipo ya mafundi wawili. Lakini vitanda viwe vizuri."

"Vitakuwa vizuri," alisema Mama Msasa, si kwa kuahidi. Kwa kumpa habari.

Asubuhi iliyofuata seremala alinyoosha shati lake kwa viganja, na baada ya kulivaa akamsaidia mkewe kufunga kitambaa cha kichwa kwa nyuma, kwa sababu ghalani hakukuwa na kioo. Alikifunga vibaya, mkewe akakiacha hivyo hivyo. Kwenye bomba la maji watu walikuwa tayari kwenye foleni, Bucha mbele yao na ndoo mbili, watoto wake wakiwa wamenawa uso kwa ajili ya shule. Aliwaona majirani wake wakipita sambamba, hakuna aliyemtangulia mwenzake, akapaza sauti watu wote wakageuka.

"Wapi hiyo, mapema yote?"

Seremala alifungua mdomo kujibu, lakini mkewe alikuwa ameshamwahi.

"Kazini," alisema.